Tumbaku ya Posa ya Ikra

Isiolo, Jumanne 19 Juni 2018

Kwa dada yangu Hawo, Garbatulla.

Assalaam aleikum. U hali gani, dada? Goti lako limepoa sasa mvua imepungua, ama bado linakusumbua ukisujudu? Watoto wako je, na ngamia waliobaki baada ya yale matope? Sisi huku tuko, alhamdulillahi. Idi tumeswali, tumekula, lakini sahani yako ilibaki kabatini na kila mtu aliiona.

Simu zangu hushiki. Mara ya mwisho tulipoongea ulisema nimekuvua nguo mbele ya wazee, nimekunyima kiti chako katika posa ya Ikra, kisha ukakata. Sikupata kujibu, na wewe unanijua, nikinyamazishwa nachemka kama sufuria iliyofunikwa. Basi nakutumia hili daftari na dereva wa maziwa. Daktari wa meno aliniambia niandike siku za kliniki na, nikishapewa dawa, kila siku kama nimemeza na kama nimetafuna tumbaku. Alitaka hayo tu, lakini kalamu ilikataa kusimama. Kiborana tunaongea, lakini kuandika tulifundishwa Kiswahili, kwa hivyo vumilia. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

5 Machi, Jumatatu

Bismillahi. Leo nimeenda kliniki ya meno. Ikra ndiye aliyenivuta mkono. Alikuwa ameona nikipiga miayo, akasema, "Ayo, mbona shavu lako ndani liko na rangi ya uji?" Yeye huniita ayo, kama sisi tulivyomwita mama yetu. Nilikuwa nimeliona hilo doa tangu mwaka jana. Nilikuwa nalisugua na kitambaa, halitoki. Haliumi. Kitu kisichouma nani ana wakati nacho?

Daktari anaitwa Wanja, msichana mdogo, mikono yake baridi. Akaangaza taa. "Mama, hapa huwa unaweka nini?"

"Tumbaku na magadi."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

Akadunga sindano ya ganzi, akakata kipande kama punje ya dengu, akakitia kwenye chupa. Kitaenda Nairobi kuangaliwa. Nikamuuliza kama ni saratani. Akasema, "Sijui bado, na sitakudanganya." Hapo nikampenda.

9 Machi

Mvua. Majibu bado.

14 Machi

Mvua. Bado. Gari la maziwa lilikwama, limefika adhuhuri, nusu ya maziwa yameganda.

19 Machi, Jumatatu

Majibu yamekuja. Si saratani. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mtu aliyeng'olewa jino chumba cha pili akaitikia. Lakini daktari hakucheka. Alisema nyama ya pale imeanza kubadilika, kidogo tu, na doa la namna hii laweza kukaa vile lilivyo, laweza kuondoka, na laweza siku moja kugeuka saratani. Nikamwambia aniandikie jina lake. Lukoplakia. Jina refu kwa kitu kidogo.

Dawa ya kwanza ni kuacha tumbaku. Ya pili ni vidonge vyekundu, kuna kitu ndani kinaitwa laikopini, ndicho kinachofanya nyanya ziwe nyekundu. Akanieleza hivi: "Tumbaku inaleta kitu kama kutu kwenye nyama ya mdomo. Hivi vidonge ni vya kuzuia kutu, tunaviita antioksidanti. Wamejaribu kwa wagonjwa, na wengine madoa yalipungua. Lakini mama, hakuna aliyethibitisha kwamba vinazuia saratani. Ndiyo sababu nitakuwa nakuangalia kila mara. Usiache kuja hata ukiona limeisha."

"Na nyanya zenyewe?"

"Kula. Zilizopikwa na mafuta ni bora kuliko mbichi."

Nilicheka njia nzima. Miaka yote hii Baba Ikra analalamika kwamba napika mchuzi mwekundu sana.

20 Machi

Dawa: nimemeza. Tumbaku: nimetafuna.

21 Machi

Dawa: nimemeza. Tumbaku: nimetafuna.

25 Machi

Vilevile. Ikra amesoma daftari bila ruhusa. "Ayo, kwani unawapiganisha?"

"Wacha wapigane. Mwenye nguvu atashinda."

4 Aprili, Jumatano

Daktari Wanja alifungua daftari, akasoma, akalifunga polepole. "Mama Ikra, unapaka bati rangi huku unalimwagia maji ya chumvi. Hizo dawa ni afadhali unirudishie nimpe mwingine."

Nilikasirika. Mtoto ambaye ningeweza kumzaa ananisema. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikatoa kikebe changu nitafune ndio hasira ishuke. Nikakitazama kile kikebe. Hasira yangu yenyewe ilikuwa inaomba ruhusa kwake! Hata swala, nikiingia, kwanza natema, na nikitoka, kwanza natafuta. Nani bwana wangu, Mungu au haya majani?

Nikainuka, nikaenda choo cha nje, nikatumbukiza kikebe chote, tumbaku, magadi, kifuniko. Nikarudi ndani nikamwambia daktari, "Siachi kwa sababu umenitisha. Naacha kwa sababu nimekataa kutumwa."

Akasema, "Sababu yoyote naichukua, mama."

5 Aprili

Dawa: ndiyo. Tumbaku: hapana. Kichwa kinapasuka.

6 Aprili

Hapana. Nimegombana na mbuzi.

7 Aprili

Hapana. Nimemgombeza Baba Ikra kwa kupumua.

10 Aprili, Jumanne

Pale tunapongojea gari la maziwa ndipo pagumu. Unapajua, dada, wanawake wote wauza maziwa tumekaa juu ya mitungi mitupu, mkono wa huyu unaingia kwa kikebe cha yule. Akaale, rafiki yangu Mturkana, alininyooshea kiganja, tumbaku imekaa katikati.

"Talaso, mkono umechoka."

"Uchoke tu."

"Ati nini? Umeokoka? Umekuwa mlokole?"

Walicheka wote, mimi pia nikacheka. Mimi na hijabu yangu, mlokole! "Nimekuwa mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa hiyo uliyoshika."

Kicheko kikakatika. Akaale alifunga kiganja. Hakutupa, lakini alifunga. Halafu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu akianza kwenda kwa madaktari ndipo magonjwa humjua jina. Nikamwambia, "Basi yangu yananijua, na mimi nayajua. Tumesalimiana."

16 Aprili

Dawa ndiyo, tumbaku hapana. Leo nilionja maziwa kabla ya kuyapokea nikajua mtungi umefukizwa kwa mti gani. Sikuwa nimesikia ladha hiyo tangu nikiwa msichana.

20 Aprili, Ijumaa

Baba Ikra amekuja na kopo la unga wa rangi ya kijani na ya machungwa, kwa upendo wake. Kalitoa kwa Kimotho mwenye duka karibu na stendi. Nikaenda kumuuliza Kimotho ni nini.

"Mama, hiyo ni antioksidanti zote zimekusanywa pamoja. Karoti, mwani, kila kitu. Doa litabanduka lenyewe utalitema."

"Kimotho, umeona mdomo wangu?"

"Si lazima nione."

"Daktari ameona, amekata, amepeleka Nairobi, na bado anasema hajui. Wewe hujaona, na unajua."

Watu dukani walicheka, naye akacheka pia. Ni mfanyabiashara, hana hasira. Nilimpelekea Daktari Wanja lile kopo. Akasoma ubavuni, akasema ile rangi ya karoti ikiwekwa nyingi kwenye dawa, wavutaji sigara waliopewa ilizidi kuwaletea saratani ya mapafu badala ya kuizuia. Si kila kinachoitwa kizuia kutu ni salama kwa kila mtu. Na Baba Ikra ndiye mvuta sigara wa nyumba hii, na alikuwa ameanza kulamba kijiko kila asubuhi ili unga usiharibike! Nimeficha kopo. Nimemwambia na sigara nayo niifiche? Amesema nimalize kwanza vita vyangu.

28 Aprili, Jumamosi

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Watu wa Bule walikuja kumposa Ikra. Bule ni yule kijana wa idara ya maji ya kaunti, mpole, Ikra anampenda mpaka anaunguza chapati. Walitaka jambo liishe kabla ya Ramadhani. Wewe hukuweza kuja kwa sababu barabara ya kwenu ilikatwa na maji. Wangekuwepo wengi, lakini walikuja wachache: Darmi mama yake Bule, mjomba wake Mzee Molu ambaye ndiye msemaji, na wazee wengine wawili.

Nilikuwa nimemwambia Baba Ikra mapema, "Waambie sitatafuna." Kwa maana kwetu, dada, wewe na mimi tunajua: wanaoposa huleta buni na tumbaku, na mama wa msichana huchukua tumbaku akaiweka mdomoni mbele ya wageni. Ikiingia shavuni, msichana ametolewa. Hakuna maneno. Baba Ikra akasema, "Nitawaambia." Kumbe aliona haya. Mwanaume ataingiaje kwa wazee kusema habari ya shavu la mke wake? Akawaambia tu kwamba Mama Ikra yuko tayari.

Basi nikakaa kwenye mkeka nikidhani wanajua. Buni zikakaangwa kwa samli, tukala, dua ikasomwa. Mzee Molu akasema yake marefu, ng'ombe wa ukoo wao, mvua ya mwaka huu, baraka. Darmi akafungua kitambaa, akanipa tumbaku kwa mikono miwili. Mimi, kwa heshima yangu yote, kwa tabasamu kabisa, nikaipokea, nikaibusu, nikairudisha mkononi mwake nikasema, "Dada, tafuna wewe kwa niaba yangu."

Ya Rabi. Nilidhani namfanyia hisani. Mkono wa Darmi ulibaki pale hewani na ile tumbaku. Kurudisha tumbaku! Hata anayekataa waziwazi harudishi, anaiacha kwenye mkeka iliwe na sisimizi. Mimi nimewarudishia mtoto wao mkononi.

Mzee Molu akashika fimbo yake. "Tumesikia," akasema.

"Hamjasikia, mzee! Ni daktari! Nina ugonjwa mdomoni, sitafuni, lakini mtoto nimewapa!"

"Mama, sisi hatukuja na daktari. Tumekuja na tumbaku."

"Basi na mimi mdomo wangu haukuja na tumbaku, umekuja na neno!"

Nilipandisha sauti kwa mzee, najua. Wakainuka. Darmi hakunitazama, alikuwa anafunga kitambaa. Walipotoka, mvua ilianza, wakakataa mwavuli wetu.

Ikra alikuwa nyuma ya pazia amesikia yote.

29 Aprili

Ikra haongei. Dawa: ndiyo. Tumbaku: hapana.

30 Aprili, Jumatatu

Ameongea. Afadhali angenyamaza.

"Ayo, ni moja tu. Ungeiweka tu shavuni, wakitoka uteme. Hukuweza kuniwekea moja?"

Niliketi naye jikoni. Nikamwambia ukweli. Kwamba tangu nitupe kikebe hakuna saa ambayo ulimi wangu haujaenda kule pembeni kutafuta. Nikiweka moja sitatema. Najijua. Nitaiweka kwa sababu ya Ikra, na kesho nitaiweka kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na keshokutwa sitahitaji sababu.

"Kwa hivyo tumbaku ina nguvu kuliko mimi."

"Tumbaku ina nguvu kuliko mimi," nikasema. "Ndiyo maana siisogelei. Nataka kuwa hai nikushikie mtoto wako."

Alilia. Mimi pia. Lakini sikubadilisha neno, na hakuniomba tena.

2 Mei, Jumatano

Hapa ndipo pako, dada. Soma polepole.

Baba Ikra alirudi kutoka msikitini uso unang'aa. Mzee Molu ametoa njia. Amesema kama mama ni mgonjwa, dada yake mkubwa anaweza kutafuna kwa niaba yake, ilishawahi kufanyika. "Na nimeshampigia Hawo! Amekubali! Barabara ikifunguka anakuja. Alhamdulillahi, Mama Ikra, yameisha."

Nikamwambia hayajaisha. "Hawo hatatafuna."

"Kwani yeye si hutafuna kila siku? Moja zaidi itamfanya nini?"

"Anayotafuna kwake ni yake na Mungu wake. Hii ya posa nitakuwa nimemwekea mimi kwa mkono wangu. Nimekatwa nyama, nimeambiwa hii kitu inafanya nini, halafu nimwite dada yangu, yeye ambaye alinibeba mgongoni, nimwambie: kwangu ni sumu, hebu kaa hapa uiweke kwako? Hiyo ni kuhamisha ugonjwa kutoka chumba hiki kwenda chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo."

"Unaharibu, Talaso." Akiniita kwa jina ujue amekasirika. "Watu wamekupa mlango na wewe unaufunga."

"Huo mlango umepita juu ya mdomo wa dada yangu."

Akatoka. Hakula chajio. Kilikuwa mchuzi mwekundu.

3 Mei

Baba Ikra amekwambia nilivyokataa, nawe umenipigia, dada. Umesema uliyosema. Umekata. Dawa: ndiyo. Tumbaku: hapana, na leo mkono wangu ulikuwa umeshafika kwa kikebe cha Akaale. Akaale mwenyewe ndiye aliyeufunika. "Ukianza tena nitakosa mtu wa kumcheka," akasema.

8 Mei, Jumanne

Kliniki. Daktari Wanja ameangalia, akaleta kioo niangalie pia. Doa limekuwa jembamba, kingo zake zimefifia, katikati bado kuna weupe mkavu. Nikamuuliza ni vidonge au ni kuacha tumbaku? "Sijui kugawanya, mama. Lakini ningeambiwa nichague moja, ningechagua kuacha." Nilimpenda tena.

17 Mei, Alhamisi

Ramadhani imeingia. Vidonge nameza baada ya kufuturu, na nyanya za mafuta. Mchana hakuna anayetafuna pale kwa maziwa, sote ni sawa. Ni mwezi wa watu kama mimi.

22 Mei

Mvua. Bule alipita na pikipiki ya kazi, akasimama, akanisalimia kwa adabu, hakusema lingine. Ikra alikuwa dirishani. Niliumia.

2 Juni, Jumamosi

Nimefanya jambo ambalo halifanywi. Mama wa msichana haendi kwa watu waliomposa kabla ya kutoa mtoto, unajua. Baada ya alasiri nilivaa hijabu yangu ya kijivu, nikaenda kwa Darmi kwa miguu. Mzee Molu alikuwepo, wamekaa barazani na redio.

Darmi alishtuka. "Mama Ikra? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Lete simu yako, washa tochi."

"Ya nini?"

"Mlitaka tumbaku ikae mahali fulani. Nimekuja mpaone hapo mahali."

Nikafungua mdomo. Mimi, mama mzima, mbele ya mzee, nimepanua mdomo kama mbuzi anayetazamwa meno sokoni. Mzee Molu aligeuza uso. Nikavuta shavu kwa kidole nikaendelea kungoja. Darmi ndiye aliyeinuka. Akaleta tochi, akainama, akatazama. Alitazama kwa muda. Nilisikia pumzi yake.

"Nyeupe," akasema. "Molu, ni nyeupe kweli. Na kuna kovu."

"Pale walipokata," nikasema. "Sikurudisha tumbaku yako kwa dharau, Darmi. Nilirudisha kwa ujinga, nilidhani mmeambiwa. Kwa hilo nisamehe. Lakini kwa kutotafuna siombi msamaha, na sitatafuna, wala dada yangu hatanitafunia. Mtoto wangu nawapa kwa ulimi. Siku ya nikaha shekhe atasikiliza neno, hatapekua shavu la mtu. Kama neno linatosha mbele ya Mungu, mbele yenu limepungukiwa nini?"

Mzee Molu aligeuka sasa. "Huyu mama," akamwambia Darmi, kama vile sipo, "ilikuwa tumpeleke bunge la kaunti."

"Mnipeleke," nikasema. "Lakini kwanza mnijibu."

Akachora chini kwa fimbo. Hakufurahi, dada, sitakudanganya kwamba alifurahi. Alisema tumbaku si majani tu, ni babu zake. Ukiondoa hiki leo, kesho mwanamke mwingine ataondoa buni, keshokutwa hata dua wataiona ndefu. Sikumbishia hapo, kwa sababu hata mimi naogopa hilo.

Darmi ndiye aliyekata shauri. "Mimi ndiye mama wa kijana. Mkono uliorudishiwa ni wangu. Kama mimi nimekubali neno, nani amebaki na hasira?"

"Neno la mmoja ni jepesi," Mzee Molu akasema. "Tumbaku ilikuwa shahidi. Wameondoa shahidi, walete mwingine. Hawo alishatajwa mbele ya wazee. Na aje. Hatatafuna, sawa. Lakini akae pale, aseme ndiyo pamoja na mdogo wake. Wawili wakisema, nitainua mikono nisome dua. Asipokuja, mimi sitakuwepo, na bila mimi ukoo hautahesabu kitu."

Nikakubali. Nimerudi nyumbani kufuturu kwa furaha. Nimekupigia. Hukushika.

7 Juni

Nimekupigia. Hukushika.

12 Juni

Hukushika. Dawa: ndiyo. Tumbaku: hapana.

15 Juni, Ijumaa

Idi mubarak. Baada ya swala wanawake walitoa vikebe kama wanaofungua zawadi. Nilikaa katikati yao na kikombe changu cha chai. Akaale, ambaye hata si Mwislamu, alikuja kula pilau, akakaa kando yangu, naye hakutoa kikebe. Sikumuuliza. Baba Ikra anaongea nami vizuri sasa. Sigara anavutia nje ya lango, na leo nilihesabu mara chache kuliko zamani, lakini sijasema kitu, asije akajua ninafurahi.

18 Juni, Jumatatu

Vidonge vimeisha. Daktari Wanja ameangalia. Upande wa nyuma umerudi rangi ya nyama, kabisa. Pale katikati pamebaki weupe, mdogo, kama alama ya kidole kwenye unga. Hakuupenda. Amekata kipande kingine, kimeenda Nairobi.

"Kikija kibaya?" nikamuuliza.

"Tutakata pote, mapema, pakiwa bado padogo."

"Na kikija kizuri?"

"Utakuja bado kila baada ya miezi michache. Na tumbaku hapana, maisha yako yote."

"Hilo la mwisho," nikamwambia, "nilikuwa nimeshaamua bila wewe."

*

Sasa umesoma, dada. Majibu ya Nairobi sijui yatasema nini, na sitakaa kuyangojea nikiwa nimekunja mikono. Yakija vyovyote, mdomo huu hautafunguliwa tena kwa ajili ya majani. Sikukunyima kiti chako. Kiti kipo, ni chako, hakuna mwingine anayeweza kukikalia, Mzee Molu amesema hivyo mwenyewe mbele ya Darmi. Nilichokataa ni kile walichotaka kukuwekea mdomoni ukishakikalia. Kama hapo nimekukosea, nitakukosea tena kesho.

Watu wa Bule wanataka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tarehe 30. Dereva anasema barabara inapitika, ni pale kwenye daraja tu watu wanashuka na kutembea kidogo, na kwa ajili ya goti lako atakuletea punda avukishe mizigo. Njoo siku mbili kabla. Daktari Wanja nimeshamwambia nina dada, amesema nikulete akuangalie tu, haumi. Ukikataa kuangaliwa nitanyamaza. Ukikataa kuja, Ikra hana posa.

Ananiuliza kila jioni kama umejibu. Nijibu upesi, Hawo, mpe dereva barua arudi nayo keshokutwa, hata kama ni ya kunitukana, lakini ndani uniandikie: unakuja, ama huji?

Mdogo wako,
Talaso